Maneno Hamsini ya Shamba la Ulezi

Juzi nilijifunza lugha nzima kwa siku nne, rafiki yangu, na bado sijatulia ninapokusimulia. Si Kifaransa wala Kichina. Ni lugha ndogo ya kutungwa, lugha ambayo mtu alikaa chini akaitengeneza kwa makusudi, maneno yake machache kiasi kwamba unaweza kuyaandika yote kwenye karatasi moja ukaibandika ukutani. Ukitaka kusema kitu kisicho na neno lake, unaunganisha maneno madogo madogo mpaka mwenzako akuelewe. Niliikuta kwenye simu siku ya Jumanne, stendi ya Sumbawanga, nikisubiri mvua ipungue. Kufikia Ijumaa nilikuwa naiota.

Nikiri mapema kwamba mimi si mtaalamu wa lugha. Hakuna chuo kilichonifundisha. Ninachokijua nimekiokota mwenyewe, kwenye vitabu vya kuazima na kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na kila ninapoandika naogopa kwamba mtu aliyesoma ataniona nimekosea. Hata ukurasa huu nimeuandika mara saba. Mara ya nne ulikuwa mzuri, nikauharibu kwa kuutengeneza.

Lakini kilichonishtua hakikuwa ugeni wa jambo lile. Ni kwamba nilikuwa nimeshalijua zamani. Somo la kwanza lilipoeleza kwamba lugha hiyo imechagua sauti chache tu, nilicheka peke yangu pale stendi. Somo la pili lilipoeleza jinsi ya kuunda maneno kwa kuyaunganisha, nilisimama. Mama mmoja aliyekuwa na gunia la maharage akaniuliza kama basi langu limefika. Basi lilikuwa bado. Ila mimi nilikuwa nimefika mbali sana, kwenye shamba la ulezi la bibi yangu, nikiwa na miaka kumi na daftari mkononi, na binamu yangu amesimama juu ya kichuguu upande wa pili, akipiga kelele kwa lugha ambayo duniani ilikuwa na wasemaji wawili.

Jumamosi, siku ya tano, nilipanda bodaboda nikaenda kijijini.

Utotoni nilikuwa naishi huko na bibi kwa sababu mama alikuwa anafanya kazi mjini. Binamu alikuja baadaye. Ni mtoto wa mjomba, na mjomba alikuwa mtu wa Wampembe, kule chini ziwani, anafuata dagaa. Mwaka ule mambo ya nyumbani kwake yaliharibika, mama wa yule mtoto akarudi kwao, na mjomba akapanda na binti yake kuja kumwacha kwa bibi ili asome. Alikuwa amenizidi mwaka mmoja, mwembamba, ana sauti ya kuita mtumbwi ulioko mbali. Hakuwa amewahi kuona baridi ya Ufipa. Wiki ya kwanza alilala amevaa koti la bibi, na asubuhi alikuwa akiniuliza kama huku jua linachomoza likiwa limezimwa.

Bibi alimpokea, lakini hakuficha hesabu zake. Alimwambia mjomba mbele yetu sote, pale jikoni, akikoroga ugali: "Mtoto simkatai, ni damu yangu. Lakini tumbo halijazwi na damu. Ulezi wa mwaka huu ukijaa kihenge, atakaa, atasoma na mwenzake. Usipojaa, utakuja kumchukua likizo ya mwezi wa sita. Mimi siwezi kuwalaza wawili na njaa."

Mjomba akasema, "Sawa, mama."

Binamu alikuwa amekaa karibu na mlango. Alinitazama mimi, si baba yake. Nadhani ndipo tulipokuwa marafiki, maana jioni ile ile alinifuata nje akaniuliza, "Huo ulezi wenyewe uko wapi nikauone?"

Kama hujawahi kulima ulezi, nikuambie shida yake. Mahindi yana koti. Maharage yana ganda. Ulezi umekaa wazi, umekunja vidole vyake kama ngumi ya mtoto, na kila punje imeangalia juu ikiwangoja ndege. Ukianza kukomaa, lazima mtu akae shambani kuamia, yaani kuwafukuza ndege tangu asubuhi hadi jua linapozama. Sisi tulikuwa tunakwenda baada ya shule, na Jumamosi kutwa. Bibi alifunga kamba yenye makopo kutoka mti mmoja hadi mwingine, akatupa kila mmoja debe la kupiga na vijidonge vya udongo vya kurusha, akatugawa: mmoja juu kwenye kichuguu, mmoja chini karibu na mto. Shamba lilikuwa limelala kwenye mteremko, na kati yetu kulikuwa na umbali wa kumwona mtu akiwa mdogo kama kidole gumba.

Na upepo. Ee rafiki, upepo wa Ufipa mwezi wa tano hauna adabu. Unakuchukulia neno mdomoni kabla hujalimaliza. Nilikuwa napiga kelele, "Wanakuja upande wa mwembe wa jirani," na binamu anajibu, "Nini?" nami narudia, naye "Nini?", na wakati huo ndege wameshakula wamejifuta midomo.

Siku moja alishuka kutoka kichuguuni akiwa amechoka. "We mwenzangu," akaniambia, "kwetu watu wa mitumbwi hawasemi sentensi. Wanasema neno moja. Wewe unanihutubia kama mwenyekiti wa kijiji."

Hapo ndipo lilipoanzia.

Kesho yake tulifanya jaribio, na mpaka leo naona lilikuwa jaribio la maana kuliko lolote nililofanya shuleni. Alipanda juu, nikabaki chini, nikapiga kelele sauti moja moja, naye akawa ananyoosha mkono kwa kila aliyoisikia. Sauti za S, F na H hazikufika kabisa. Upepo ulizila kwa sababu zenyewe ni upepo. I ilifika kama filimbi ya kitu kingine. U na O zilifika zimefanana. Tulibaki na A, E na O, na K, L, M, N, P, T na W. Niliziandika nyuma ya daftari la Sayansi, na moyo ulikuwa unapiga kana kwamba nimechimba dhahabu. Tulikuwa na sauti kumi ambazo upepo haukuweza kuzila.

Kila neno tukalipa silabi mbili tu, na tulikubaliana lisiwe neno la Kiswahili wala la Kifipa, ili tukilisikia tujue ni letu. Ndege akawa *kato*. Maji, *nola*. Kula na chakula, *lape*, neno moja kwa vyote viwili, kwa nini kupoteza? Mtu, *lome*. Kwenda, *weko*. Kubwa, *teno*, dogo, *mepa*. Nyumba na chochote unachoweza kuingia ndani yake, *kalo*. Moto, jua na joto, *tawo*. Kizuri, *pawe*. Na kama hutaki jambo, unaweka *ma* mbele yake, basi limekataliwa.

Mimi ndiye niliyeleta sheria ya kurasa mbili. Nilichukua daftari jipya, nikafungua katikati pale penye pini, nikasema lugha yetu nzima itakaa kwenye kurasa hizo mbili zinazotazamana na haitavuka. Mistari ilikuwa hamsini. Neno jipya likitaka kuingia, la zamani litoke. Nilipenda sheria hiyo kuliko nilivyopenda chakula. Kila jioni nilikaa karibu na jiko na kifutio, nikifuta na kuandika upya ili herufi zisimame sawa, mpaka karatasi ikaanza kutoboka. Bibi alikuwa akipita na chungu anasema, "Karani, ndege hawajui kusoma."

Binamu hakujali mistari. Yeye alipenda kuunganisha, na hapo alinizidi mbali. Nilikuwa nakaa nafikiri tutampataje samaki katika maneno yetu, naye akajibu huku anamenya kiazi kitamu: "*Kato nola*. Ndege wa maji. Hujamwona anavyoruka?" Dagaa wakawa *kato nola mepa*. Basi la mjini likawa *kalo weko*, nyumba inayokwenda. Mwalimu wetu wa darasa, ambaye alikuwa mrefu na mkali, tulimwita *lome teno*. Bibi alikuwa *lome tawo*, mtu wa moto, kwa sababu hakuwa anaondoka jikoni, na pia kwa sababu ya ulimi wake. Siku bibi alipogundua kwamba ana jina, alitaka kujua maana yake. Tukamwambia. Akaendelea kukoroga, halafu akasema, "Na ninyi ni nani? Watu wa majivu?" Kisha jioni nzima tulimsikia akijiita kwa jina lile tulilompa, peke yake, akipuliza kuni. *Lome tawo*. *Lome tawo*.

Shuleni kulikuwa na marufuku ya kusema kilugha. Ukikamatwa unafagia uwanja. Tulikuwa tunanong'ona kwenye dawati la nyuma, na mwalimu, ambaye alikuwa mgeni asiyejua Kifipa, akatusimamisha.

"Hicho ni Kifipa?" akamuuliza kiongozi wa darasa.

"Hapana, mwalimu. Si Kifipa."

"Ni cha ziwani?"

"Si cha ziwani, mwalimu," binamu akajibu mwenyewe.

"Basi ni Kiingereza?"

Darasa likaangua kicheko, na hata yeye akauma mdomo asicheke. Alituambia tukae. Tulitoka siku ile tukitembea kama watu wenye nchi yao. Hakuna sheria iliyotukataza, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba tupo.

Naomba unielewe jinsi nilivyokuwa na furaha. Mimi nilikuwa mtoto wa kuogopa. Niliogopa kujibu darasani nisije nikakosea, niliogopa kuimba kanisani, niliogopa hata kusalimia wageni kwa sababu sikujua niinamishe kichwa kiasi gani. Katika lugha ile sikuwa na cha kuogopa. Hakukuwa na mtu wa kuniambia nimekosea, maana kitabu kilikuwa kwapani mwangu. Nadhani hapo ndipo nilipoharibika kidogo. Mtu mwoga akipata mahali pa kutawala, anatawala vibaya.

Nilianza kumsahihisha. Mwanzoni ilikuwa mchezo. Akisema *lape teno* kwa maana ya ugali, namwambia hapana, hiyo inaweza kuwa sikukuu, sema vizuri zaidi. Akisema kitu kwa namna mpya, namrudisha. Akasema, "Lakini umenielewa." Nikasema, "Kuelewa hakutoshi." Unaweza kuamini? Miaka kumi. Halafu nikaweka sheria ya mwisho, ambayo niliiandika juu ya ukurasa kwa wino: tukiwa shambani, hakuna Kiswahili wala Kifipa. Lugha yetu tu, na isemwe vizuri.

Kadiri alivyozidi kubuni, ndivyo nilivyozidi kumrudisha, mpaka nikaona nahitaji neno la kumwambia arudie, fupi, lisiloliwa na upepo. Nililipata: *wate*. Lakini kurasa zilikuwa zimejaa. Nilipitisha kidole kwenye mistari yote hamsini nikitafuta neno lisilo na kazi, nikakuta *pomo*, ng'ombe. Bibi hakuwa na ng'ombe. Alikuwa na kuku na mbuzi wawili. Nikafikiri, lugha nzuri haibebi isichokihitaji, nikachukua kifutio. Binamu alinitazama nikifuta.

"Jirani anao," akasema.

"Hatuongei habari za jirani."

"Siku ukiwahitaji?"

"Utaunganisha. Si ndiyo unayoipenda?"

Akainua mabega. Ulezi ulikuwa umebakiza kama wiki mbili uvunwe. Ulikuwa umegeuka rangi ya udongo, umezaa kupita ule wa mwaka uliotangulia, na bibi alikuwa ameshaanza kukandika kihenge, ghala lake la nafaka, kwa tope jipya. Alikuwa ameacha kutaja likizo ya mwezi wa sita. Siku moja alimpima binamu sketi ya shule kwa kuiweka tu mbele ya kiuno chake, akasema itafaa hata mwakani. Binamu alinijia mbio kuniambia. Alilitamka neno hilo, mwakani, kama mtu anayeonja asali.

Ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa chini karibu na mto, nimekaa, mgongo kwa mto, daftari magotini. Ndege walikuwa wachache na nilikuwa najaribu kupanga maneno yote kwa namna mpya. Nikamsikia.

"*Lape weko!*"

Nikainuka. Alikuwa amesimama juu ya kichuguu, mkono mmoja umenyooka kuelekea kwangu.

"*Lape weko teno!*"

Chakula kinachokwenda. Chakula kikubwa kinachokwenda. Nitakuambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu kwa miaka yote hii, na ndilo lililonifanya niandike: nilimwelewa. Nilimwelewa mara ya kwanza kabisa. Hakuna chakula kikubwa kinachotembea chenyewe kinachoweza kumtoa mtu sauti namna ile ila ng'ombe. Hata kengele ya shingoni mwa mmoja wao nadhani niliisikia nyuma yangu. Lakini maneno hayakuwa mazuri. Yangeweza kuwa mbuzi. Yangeweza kuwa bibi amebeba chakula cha mchana. Nami nilikuwa na neno langu jipya, sikuwa nimelitumia kwa umbali ule, na nilitaka kujua kama litafika.

"*Wate!*" nikapiga kelele.

Lilifika. Nilimwona akisita. Akajaribu tena, akiongeza neno, akipindisha mikono juu ya kichwa kufanya pembe.

"*Wate!*"

Alijaribu mara ya tatu. Sauti yake ilikuwa imeanza kupasuka, na bado alikuwa anatafuta maneno kwenye zile kurasa zangu mbili, anatafuta kwa heshima, kwa sababu ilikuwa sheria na yeye alikuwa mgeni kwenye nyumba ile. Nami nilisimama nimefungua daftari, nikingoja.

Kisha aliacha. Akaruka kutoka kichuguuni akaja anakimbia kuteremka akipiga kelele kwa Kiswahili, "Ng'ombe, ng'ombe, ng'ombe," na nilipogeuka walikuwa wameshaingia, kundi zima la jirani, wamevuka mto bila mchungaji. Tuliwapiga kwa madebe. Tuliwarushia udongo. Ng'ombe akishaonja ulezi hasikii debe. Wale wa mbele walikuwa wanakula na wale wa nyuma walikuwa wanalaza kwa kwato kile ambacho hakikuliwa. Mpaka jirani alipokuja kuwatoa, nusu ya chini ya shamba ilikuwa kama mkeka.

Bibi alikuja akasimama pembeni. Hakulia wala hakufoka. Aliinama akaokota kichwa kimoja cha ulezi, akakipukuchua kwenye kiganja, akapuliza makapi kama kawaida yake. Jirani alikuwa anaomba radhi, anasema ataleta mahindi, na kweli baadaye alileta. Bibi akamwitikia kwa heshima. Halafu akatugeukia sisi.

"Nani alikuwa chini?"

"Mimi," nikasema.

"Hukuwaona?"

Daftari lilikuwa ndani ya gauni langu, limebana tumboni. Nikasema, "Nilikuwa nimewapa mgongo, bibi. Hakuniita."

Nilisema hivyo. Neno lile la mwisho nalisikia mpaka leo, limesemwa vizuri, bila kosa.

Binamu alinitazama. Nilingoja aseme ameita, ameita mara tatu, kijiji kizima kimesikia. Hakusema. Bibi alimwangalia kwa muda, akamwambia taratibu, "Mtoto wa ziwani, sauti yako yote hiyo uliiacha wapi?" Yeye akainamisha kichwa, akasema, "Nisamehe, bibi."

Ulezi uliovunwa haukufika hata nusu ya kihenge. Mjomba alipopanda mwezi wa sita na gunia lake la dagaa, alisema "Shikamoo, mama," akakaa, akapewa maji, na bibi akamchukua moja kwa moja kumwonyesha kihenge. Sikusikia walichoongea. Niliona tu mjomba akitikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayekubali bei asiyoipenda. Kesho yake asubuhi waliondoka. Binamu alikuwa amevaa koti la bibi. Alinipa mkono kama watu wazima wanavyopeana, hakusema neno katika lugha yoyote. Mimi nilikuwa nimeandaa sentensi ya kumuaga kwa maneno yetu, nzuri sana, nilikesha nayo. Ilikuwa bado haijakamilika walipopotea kwenye kona.

Nilivuta kurasa zile mbili, zikatoka nzima kwa kuwa zilikuwa karatasi moja, nikazitia motoni jikoni kwa bibi.

Sasa niko hapo hapo kijijini, Jumamosi hii ninayokueleza, nimeshuka kwenye bodaboda na simu yenye lugha mpya mfukoni. Shamba si shamba. Nusu ya juu ina nyumba mbili za bati na mtu anapanda parachichi kwenye nusu ya chini. Kichuguu kimesawazishwa, nadhani udongo wake ulikwenda kwenye matofali. Ulezi nilitafuta kwa macho sikuuona. Kijana mwenye parachichi aliniambia siku hizi hakuna mwenye subira ya kukaa anawafukuza ndege. Bibi tulimzika miaka minne iliyopita. Nilisimama pale na furaha yangu ya siku nne, na nikagundua kwamba duniani kuna mtu mmoja tu ninayeweza kumweleza akanielewa, na kwamba sijamwambia neno la kweli tangu nikiwa na miaka kumi.

Namba yake ninayo. Huwa tunasalimiana, misiba na sikukuu. Ana watoto wawili, anaanika dagaa Wampembe kama baba yake. Nilikaa juu ya tofali nikaandika kwanza nitakachosema. Nikafuta. Nikaandika tena. Mara ya tano niliona ninachokifanya, nikapiga.

"Dada wa mjini," akasema, "leo ni nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Niko shambani kwa bibi."

"Wapi, kwenye ulezi?"

"Hakuna ulezi. Kuna parachichi."

Akacheka. Nyuma yake nilisikia wanawake wakiongea na kitu kikikwanguliwa kwenye mchanga. Nikamwambia. Nilisema vibaya, maneno yakigongana, kwanza mwisho halafu mwanzo. Nikamwambia kwamba siku ile nilimsikia na nilimwelewa tangu mara ya kwanza, na kwamba nilimwongopea bibi.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Ulisimama. Mtu asiyeelewa hasimami namna ile. Na nikaona umefungua lile daftari." Akamwambia mtu pembeni ageuze dagaa upande wa pili, mvua inakuja. "Nilikuchukia mwaka mzima, nisikudanganye. Darasa nililoliacha huko sikulimaliza huku. Halafu nikaolewa, nikawa na mambo mengine ya kuchukia."

"Kwa nini hukumwambia bibi?"

Upepo wa huko ulikuwa unavuma kwenye simu na nilidhani amekata.

"Nilikuwa naondoka tu," akasema. "Ulezi ulikuwa umekwisha, hata ningesema usingerudi. Bibi alikuwa anabaki na mtoto mmoja. Ningemwambia huyo mmoja ni mwongo, angebaki na nani?"

Akaniambia ana dagaa juani, tutaongea, niwasalimie watu wa huko. Nikamwambia watu wa huko siwajui tena. Akasema, "Wasalimie hivyo hivyo," akakata.

Nilishuka mpaka mtoni. Maji yamepungua, mtoto anavuka bila kukunja suruali. Nilikaa huko mpaka baridi ikaanza, nikifikiri kwamba ile miaka ya bibi na mimi, ugali wa jioni na masihara yake ya karani, mkono wake kichwani kwangu nilipofaulu, vyote nilivila nikidhani ni vyangu. Kumbe kuna msichana wa miaka kumi na moja aliyeniachia vyote hivyo alipokuwa anaondoka, akashuka ziwani na koti refu kuliko yeye.